Duara la Nani Kanisema

Injinia hakuwahi kutengeneza kitu chochote maishani zaidi ya nywele zake, lakini hizo alizitengeneza hasa. Zilisimama kichwani kama kichaka kilichopewa cheo. Watu wakiziona wanasema, huyu lazima kasoma. Na yeye, kwa adabu zake, hakuwahi kuwakatalia.

Siku hiyo alikuwa saluni kwa Msusi, eti anachaji simu. Kajikunja kwenye kona, sikio wima.

"Mwenzenu nakufa na biashara yangu," Msusi alilalamika huku akimchana Mama Mwenye Nyumba, mteja pekee aliyebaki. "Kuna mtu anapita mtaani anasema dawa yangu ya nywele inaunguza. Viti vyote hivi vitupu! Laiti ningemjua!"

"Hata mimi najua nasemwa," akasema Mama Mwenye Nyumba. "Ningewajua, ningewapandishia kodi."

Injinia aliinama kuficha tabasamu, akachomoa simu kwenye chaji.

"Dada zangu, msinitangaze, lakini kuna app naitengeneza. Inaitwa Nani Kanisema. Unaifungua, inakutajia mtu, mahali, na maneno aliyoyatumia."

"Wee!"

"Na alivyobinua mdomo."

Usimwambie mswahili siri kisha umkataze kuitangaza. Ni kama kumpa ngoma na kumwomba asicheze. Mtaa mzima ulikuja kulipa kiingilio mapema. Msusi, ambaye hakuwa na kitu mfukoni, alitoa draya yake kubwa ya kukaushia nywele, na Injinia akaiweka chumbani kwake ikisubiri mnunuzi. Kila aliyelipa alitumiwa picha ya sikio kwenye simu. Ukiligusa, duara linazunguka, na chini yake maandishi: Subiri, tunakuboreshea.

Uzinduzi ulipangwa Ijumaa. Alhamisi, Injinia akaandika kwenye grupu la mtaa: "Wapendwa wateja, kwenye majaribio tumegundua app inasikia hadi mawazo. Tunaipunguza makali. Uzinduzi ni Ijumaa ijayo."

Ungedhani watu watakasirika. Wapi! "Hadi mawazo!" wakapigiana simu, wakawaleta wakwe zao. Alhamisi iliyofuata akaandika kwamba app inasema ukweli kupita kiasi, ndoa zitavunjika, kwa hiyo anaifunga breki. Basi wakaleta na mashemeji. Ndiyo dunia ilivyo: mtu akichelewa huitwa mzembe, kitu kikichelewa huitwa cha thamani.

"Hili sasisho jipya mimi naliona tofauti," Mama Mwenye Nyumba alitamba. "Duara linazunguka kwa heshima."

Msusi peke yake hakucheka. Asubuhi moja, kwenye saluni iliyopoa kama jiko la jana, aliligusa lile sikio. Duara likazunguka kwa raha zake. Kisha akajaribu kumtumia ujumbe muuza dawa, ukagoma. Bando lilikuwa limeisha tangu juzi.

Akaliangalia duara. Lilikuwa bado linazunguka.

"Sasa wewe," akaliuliza, "unazungushwa na nani?"

Mwingine angetoka akipiga kelele. Lakini msusi anajua fundo halivutwi. Linafumuliwa taratibu, kuanzia chini. Akanunua bando, akaandika kwenye grupu: "Nani Kanisema imetoka leo! Inafanya kazi saluni kwangu tu, ukiwa kitini, kichwa kikishughulikiwa."

Foleni ikafika barabarani. Msusi anaweka simu sikioni, anatikisa kichwa kama anayesikia, anakupa habari zako. Alizitoa wapi? Kwa aliyekaa kabla yako, bwana! Kila kichwa kilimwaga ya wenzake, na kilichofuata kikayakuta yakiwa bado ya moto.

"Wapangaji wako wanakuita Tarehe Moja, eti siku ya kodi hukosi mlangoni," Mama Mwenye Nyumba aliambiwa.

"Jamani, mpaka jina!" akashangilia huku machozi yakimtoka.

"Na wewe, mama yangu, habari za dawa yangu kuunguza ulizipata kwa nani?"

"Si kwa Injinia? Alinieleza hata kabla hajaleta app."

Msusi alizidi kuchana.

Injinia naye alikuwa ameshafunga begi, safari ya kituo cha mabasi. Alipoona umati mlangoni pa saluni, akalificha begi nyuma ya mgongo. Mara akapigiwa makofi.

"Injinia huyoo! App inafanya kazi!"

"Inafanya nini?"

Akasimama. Kama inafanya kazi, anakimbia nini? Halafu kaugonjwa kale kale alikowauzia wenzake kakamshika. "Na mimi je?" akauliza, akijifanya hajali. "Nasemwa?"

"Kaa, kaka. Mwenye app hapangi foleni. Nikulainishe na nywele, uzinduzi unataka mtu apendeze."

Shuka likafungwa shingoni, dawa ikapakwa upande mmoja wa kile kichaka. Msusi akaweka simu sikioni.

"Inasema kuna mtu alinichafulia jina langu. Jina lake linatafutwa. Duara linazunguka."

"Dada, hii dawa imeanza kuwasha."

"Subiri, tunakuboreshea."

"Nioshe, dada!"

"Kuosha kumesogezwa mbele. Ijumaa ijayo."

"Ni mimi!" Injinia aliruka na kiti chake. "Mimi ndiye niliyesema inaunguza, ili ununue app! Na jamani, inaunguza kweli!"

"Na app?"

"Hakuna app! Ni picha! Hela zenu zimo kwenye begi, draya iko chumbani, nipeni maji!"

Mama Mwenye Nyumba alilikalia begi. Msusi alimwosha taratibu, kwa mkono mwepesi, akiwaeleza wateja kwamba dawa yoyote ukiiacha muda mrefu huwasha. Kwake huoshwa kwa wakati.

"Ngojeni," akasema Mama Mwenye Nyumba. "Kama hakuna app, hiyo Tarehe Moja imetoka wapi?"

Wapangaji wake waliokuwa kwenye foleni wakatazamana.

"App ipo!" wakasema wote kwa pamoja.

Leo viti vya Msusi havipoi, na draya inavuma. Injinia anapita mtaani nusu ya nywele zikiwa zimelala, nusu zimesimama, na hakuna kinyozi anayekubali kugusa kazi ya Msusi.

"Dada, utanimalizia lini upande wa pili?"

"Tuko kwenye majaribio, kaka. Njoo Ijumaa."

Na kila Ijumaa, masikini, anakuja.