Amri ya Pumzi ya Kerende

"Inatangazwa kwa furaha kubwa kwamba kuanzia leo, tarehe 8 Julai 1954, kupumua katika Kerende na vitongoji vyake kumewekwa chini ya uongozi."

Maneno hayo niliyaandika mimi, Athanas, karani wa Chifu Waitara, kwa wino wa serikali. Chanzo ni Kornelio, dresa wa zahanati, aliyetueleza kwamba chini ya ubongo, juu tu ya shingo, kipo kipande kidogo kama kidole gumba. Hicho hutuma ujumbe kwa mishipa ya fahamu hadi kwenye msuli ulio chini ya mapafu: vuta, toa, vuta, toa. Hakilali, wala hakiombi ruhusa.

"Nani amekiteua?" Chifu alifoka. Nami nilikasirika pamoja naye, maana ndiyo kazi yangu.

Hivyo, kwenye ritongo, mkutano wetu wa hadhara, Chifu akitamka "Bana!" wote wabane pumzi mpaka atamke "Achia!" Atakayetangulia kuvuta pumzi, achimbe barabara mwezi mzima.

Siku ya kwanza alitangulia Rhobi, mjane ambaye ulezi wake ulikuwa umekomaa shambani.

"Shikamoo, Mzee Chifu," alisema. "Mwezi mzima? Ndege watamaliza ulezi wote. Watoto wangu watakula nini?"

"Watakula utii," nilimsaidia Chifu kujibu.

"Haya, Chifu, bana wewe basi, tuone. Ukishindwa, unachimba badala yangu."

Watu wakapiga makofi, na Chifu hajawahi kuyakataa makofi. Akabana. Uso ukavimba, macho yakamtoka.

"Chifu, hewa chafu inajaa kwenye damu," Kornelio alimsihi. "Kile kipande kitakulazimisha tu!"

Chifu akatikisa kichwa. Kisha akaanguka chali, puu, amezimia, na kifua kikaanza kupanda na kushuka vizuri kabisa, bila idhini ya ofisi yoyote.

"Karani," Rhobi akaniambia, "andika."

Nikaandika kwamba Chifu atachimba badala yake.

Sasa Rhobi anavuna. Chifu yuko barabarani na jembe, anahema, kwa kuwa mtu akifanya kazi ngumu kile kipande huongeza kasi. Wananchi wananiuliza kama amri imefutwa. Haijafutwa. Mwenye mamlaka ya kuifuta ni Chifu peke yake, nami tangu asubuhi nimesimama kando yake na kalamu, nikisubiri apate pumzi ya kutamka neno.