Toa Hewa, Tia Mafuta

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Mama Watoto amerudi na pikipiki akilalamika. Breki ya mbele, anasema, ukiibana, mkono wake unakwenda mpaka kwenye usukani, laini kama papai lililoiva, na pikipiki husimama ikipenda. Tena inapiga kelele. Alhamisi anapeleka sare alizoshona kwenye shule ya bondeni. Mteremko mkali, mzigo nyuma. Ameomba niipeleke kwa fundi wa kona.

Fundi wa kona alimposa kabla yangu. Mpaka leo akimwona anapita, huacha spana na kusimama. Mimi hakuna anayesimama nikipita, hata mwenye duka anayenidai. Nimesema nitaishughulikia mwenyewe. Akanitazama, akasema, "Haya." Haya hiyo naijua.

Jumanne, tarehe 4
Nimepita kwa fundi kama mtu mwenye safari zake. Nimemwambia kuna rafiki yangu anasumbuliwa na breki ya mbele. Akauliza kama ni yule rafiki anayefanana na mimi hadi suruali. Wateja kwenye benchi wakacheka. Nikacheka nao, kwa uungwana.

Akasema basi nimwambie rafiki kwamba breki imeingia hewa. Atoe hewa, atie mafuta. Halafu, mbele za watu, bila hata kushusha sauti: "Na pedi uziangalie, shemeji. Huenda zimekwisha."

Pedi. Mambo ya ndani ya mke wangu yanamhusu nini? Nikaondoka. Akawa bado anapaza sauti huko nyuma, kitu kuhusu kikopo cha kwenye usukani. Sikugeuka. Mtu ana heshima yake.

Jumatano, tarehe 5
Kazi imekwisha. Nimeanza na hewa. Hewa ya mbele ni ya tairi, nyingine siijui, basi nikaipunguza mpaka tairi likalegea. Nikafikiri, tairi bapa hulala vizuri barabarani. Kumbe yule bwana ana akili kidogo.

Kisha mafuta. Nimechukua ya cherehani, mepesi, mazuri. Nimeipaka ile sahani ya breki kwenye gurudumu pande zote mbili, na yaliyobaki nikayamimina pale inapobanwa. Kelele zimekoma kabisa. Mkono wa breki bado laini, lakini nadhani huo sasa ni ulaini wa mafuta. Nimeijaribu uani, polepole, miguu chini. Imesimama. Kama ni breki au ni miguu, sikuchunguza.

Mama Watoto ameniuliza mara mbili kama nina hakika. Nimemwambia alale unono.

Alhamisi, tarehe 6
Mlinzi wa shule amenipigia simu. Nimekuta sare zimetapakaa mtaroni, na Mama Watoto amekaa ukingoni, mkono wa kulia ameupakata kama mtoto mchanga. Umevunjika juu kidogo ya kiganja. Ndio mkono wa mkasi. Ndio unaotulisha, maana wangu unajulikana.

Anasema alibana breki, ikateleza. Akabana tena, kama hakuna kitu. Akaniuliza nilifanya nini. Nikamweleza, hatua kwa hatua. Akafumba macho, akaniomba ninyamaze.

Daktari amemfunga plasta ngumu. Ameonya kwamba vidole vikivimba au vikifa ganzi arudishwe saa hiyo hiyo, la sivyo mkono unaweza kupotea. Mama Watoto aliuliza jambo moja tu, kama atashona tena. Daktari akasema tutaona.

Ijumaa, tarehe 7
Fundi amekuja kuchukua pikipiki, hakuitwa na mtu. Amepitisha kidole kwenye ile sahani, akakinusa, akanitazama. Akanieleza taratibu, kama anayesema na mgonjwa. Pedi ni vile vipande viwili vinavyoibana sahani. Hewa ni ile inayoingia kwenye mpira wa breki. Mafuta ni ya breki, na hutiwa kwenye kikopo. Sahani haiguswi na mafuta ya aina yoyote.

Nimemwambia angesema hivyo tangu mwanzo. Aliingia kumpa mke wangu pole, akatoka akijifuta macho kwa kitambaa cha grisi. Mtu mzima asiyejua kueleza ni hatari kwa jamii.

Jumapili, tarehe 9
Vidole vimevimba tangu asubuhi. Ni vya baridi, na rangi yake siipendi. Mama Watoto anasema kidole gumba hakisikii tena. Anataka hospitali.

Fundi amempigia. Pikipiki imepona, yuko tayari kumpeleka sasa hivi. Yaani mke wangu akae nyuma ya yule bwana, amshike kiuno kwa mkono mmoja, mtaa mzima ukitazama. Nimeichukua simu, nikamjibu kwamba hali ni nzuri, tunashukuru.

Kwani hospitali watafanya nini? Watailegeza plasta. Na plasta ni nini, kama si chokaa na bandeji? Mimi napaka nyumba za watu rangi, chokaa naijua kuliko daktari yeyote. Amemeza dawa ya maumivu, amelala. Msumeno wa chuma ninao. Nitakwenda taratibu, asije akaamka.