Mfuko wa Clarrie Usigeuzwe Nyuma

Ndugu Mhariri wa Gazeti la Kooralta,

Pokea salamu zangu hapo ofisini kwako juu ya duka la mikate. Mimi ni bibi harusi wa majuzi tu, na mtu akiniita Bi. Noske bado nageuka kumtafuta mama mkwe. Nina furaha isiyosemeka. Kwa hiyo naomba malalamiko haya yasichukuliwe kuwa ya mtu mwenye kinyongo.

Nalilalamikia Baraza la Wilaya, na pia namlalamikia mume wangu Rohan, ambaye asubuhi ya leo ameniletea chai kitandani kabla sijafumbua jicho la pili.

Baraza limetangaza kwamba Jumatano ijayo kreni itakuja kumng'oa Clarrie, sanamu yetu ya simba wa mfuko, yule mnyama wa kale wa Australia aliyebeba watoto mfukoni kama kangaruu, pale barabara kuu, na mahali pake pasimamishwe mwingine aliye sahihi kisayansi. Na aliyewaambia kwamba Clarrie si sahihi ni Rohan wangu, ambaye huongoza wageni pangoni na kusafisha mifupa ya simba hao kwa brashi ndogo ya kupigia mswaki mtoto.

Kwa faida ya wageni wa kambi ya karavani, wanaosoma gazeti hili wakisubiri nguo zao zikauke: Clarrie alitengenezwa na marehemu Keith Polkinghorne, fundi wa matangi ya maji, aliyeambiwa kwa simu tu kwamba pangoni kumepatikana mifupa ya simba mwenye mfuko. Keith hakuuliza zaidi. Alitengeneza simba, akampa manyoya ya shingoni kama simba wa Afrika, kisha akamtia mfuko kwa mbele, mpana kama bafu. Tangu siku hiyo hakuna ndoa Kooralta inayohesabiwa kuwa ndoa mpaka bwana na bibi harusi wapande ngazi ya wakata manyoya, waingie mfukoni na kupigwa picha. Picha hiyo hutundikwa jikoni, juu ya birika.

Siku yetu ilipofika, Rohan alikanyaga ngazi, akasita, akashuka.

"Merrin, mpenzi wangu, niombe lingine lolote," akasema, jasho likimtiririka ndani ya suti. "Huu mfuko uko kinyume. Nikiingia humu leo, kesho nitawaambia nini watoto wa shule?"

Basi picha yangu ya harusi inanionyesha mimi peke yangu mfukoni na shela yangu, na chini kabisa mume wangu ameshika viatu vyangu. Binamu yangu Jodie akapaza sauti mbele ya ukoo mzima, "We Merrin, kumbe umeolewa na ngazi!" Watu wakacheka hadi wakamwaga bia.

Ninachotaka, Mhariri, ni kitu kimoja: picha nyingine, sisi wawili, ndani ya mfuko ule, kabla ya Jumatano. Hoja zangu ni hizi.

1. Hakuna binadamu aliyewahi kuuona mfuko wa simba huyo. Mfuko ni ngozi, na ngozi huoza ikabaki mifupa. Hili Rohan alikiri mwenyewe tukila tosti. Nikamuuliza, "Sasa umejuaje uko nyuma?" Akasema, "Kwa jamaa zake. Wa karibu kabisa ni wombati, yule mchimba mashimo, na koala, na mifuko yao haitazami mbele." Nikamwambia, "Hata jamaa zangu wote wa upande wa mama wana nywele nyekundu. Je, mimi?" Akasema, "Wewe ni mzuri tu." Hapo nikaisahau hoja yangu, lakini nimeikumbuka leo na naiandika.

2. Mfuko wa Clarrie unadumisha ndoa. Nan Elva, bibi yake Rohan, alikaa humo na babu, na hawajaachana ingawa babu anavuta pumzi kwa kelele tangu ujana. Mheshimiwa Meya Bev Trezise mwenyewe amekaa humo na waume wawili, kwa nyakati tofauti, na katika picha zote mbili anatabasamu. Ushahidi gani mwingine unahitajika?

3. Hoja hii inahusu tabia ya marehemu, yaani simba. Rohan anasema hakuwa mkimbiaji. Alikuwa mnene wa mabega, na aliweza kupanda. Huenda alikuwa akingoja juu ya mti au mwamba mpaka kangaruu mkubwa, wa aina ambayo siku hizi haipo, apite chini akienda kunywa maji. Ndipo anamshukia na kumkumbatia kwa mikono miwili, kidole gumba chenye kucha kubwa kikimshikilia, na magego yake yanakata nyama kama mkasi wa kukatia manyoya. Sasa nauliza kwa heshima zote: mnyama anayekumbatia namna hiyo, mfuko wake uwe nyuma kwa sababu gani? Anayekumbatia hukumbatia kwa mbele. Mimi ni mke wa mtu, ninajua.

Tena asidhani mtu kwamba simpendi mnyama huyu. Niliposwa nyumbani kwake. Rohan alinipeleka pangoni mpaka mahali ambapo wageni hawafiki, akamulika ukutani nikaona mikwaruzo midogo midogo, mingi, ikipanda juu. "Hizi si kucha za mama," akaninong'oneza kana kwamba wamelala jirani. "Ni za watoto. Walikuwa wanajifunza kupanda watoke nje. Hapa palikuwa kwa watu, Merrin." Kisha akapiga goti kwenye kinyesi cha popo. Ningemkataaje?

4. Nimeuona mchoro wa sanamu mpya, kwa kuwa uko kwenye meza yetu ya kulia na juzi niliuwekea bakuli la saladi. Hana manyoya ya shingoni: nimekubali. Ataitwa Clarice, maana mwenye mfuko ni mama, na sisi miaka yote tumempa mama jina la kiume pamoja na ndevu: nimekubali, tena kwa aibu. Lakini mfuko uko chini ya mkia! Bibi harusi wa Kooralta atachungulia kutoka chini ya mkia? Na mpiga picha atasimama wapi? Nyuma pale ni malisho ya Mzee Hahn, na kondoo dume wake hapendi mtu anayeinama.

5. Kwa hiyo naomba yafuatayo. Sanamu mpya ikisimamishwa, iipe barabara mgongo. Kama hilo litawaudhi wageni watokao Melbourne, kwa kupokewa na matako, basi barabara kuu ihamishwe ipite nyuma, na Mzee Hahn ahamishwe pamoja na dume lake. Na kama barabara haihamishiki, Baraza litunge sheria ndogo ya kumwamuru Rohan Noske apande ngazi. Wasiniambie Baraza haliwezi kuingilia mambo ya ndoa. Ni Baraza hilihili linaloniamuru ni Jumanne ipi nitoe pipa la taka la kifuniko chekundu na ni ipi nitoe la njano, na mimi hutii.

Nikiamini kwamba utaichapisha barua hii mahali panapoonekana, si chini ya matangazo ya mbolea, naomba unisalimie wote hapo ofisini. Nisalimie akina mama wa keki za nazi, wazima moto wanaotuchomea soseji kila Jumamosi, na Mheshimiwa Meya pamoja na bwana wake wa sasa.

Wako mtiifu, tena mwenye furaha,

Merrin Noske (Bi.)

N.B. Niliiacha barua hii mezani nikaenda kuanika nguo. Niliporudi, nilimkuta Rohan ameshaisoma, amevaa koti la suti juu ya kaptura, na ngazi iko begani. "Twende kabla akili haijanirudia," akasema. Mhariri, tumekaa, nami nimevaa shela! Goti lake lilikuwa likinichoma mbavuni na sikujali. Nilitaka kulia. Jodie, tuliyempitia njiani, akanyanyua simu yake, akasema, "Haya, tabasamuni, mpo kama pai mbili kwenye sahani moja!" Ndipo likapita lori la kondoo kutoka mnadani, lile la ghorofa, kwa kasi. Upepo wake ulikuja moja kwa moja ndani ya mfuko na vumbi, majani makavu, manyoya, na vile vitu ambavyo kondoo hutoa bila kuombwa. Vyote vikaingia, na vilivyoingia havikutoka. Nzi wakafuata. Rohan akatema mate, akanifuta macho kwa shela yangu, akasema kwa upole bila kunicheka, "Ndiyo maana wombati hugeuza mfuko nyuma, mpenzi. Mtoto asile vumbi la mama."

Katika picha tumefumba macho, tumefumbua vinywa, na rangi yetu ni moja. Nimeshaitundika juu ya birika.

Kwa hiyo, Mhariri, futa hoja ya kwanza mpaka ya tano. Kreni ije, hata kesho, na dume la Mzee Hahn nitamshika pembe mimi mwenyewe. Mama yule alijua alichokuwa akifanya. Ila mwambie fundi auongeze upana kidogo huo mfuko wa nyuma, maana magoti ya Rohan ni marefu, na sisi tunataka kuwa wa kwanza.