Nundu ya Gouvas Isifutwe Kwenye Aluminiamu

Karakana ya chini, Athens
Jumatano

Mheshimiwa Mkuu wa Maabara, Daktari Vretou,

Anayekuandikia ni Stamatis Gouvas, ambaye bila mikono yake Ugiriki nzima isingejua aluminiamu safi inafananaje. Shule niliachia darasa la sita kwa kuwa walimu walikuwa wameniishia. Miaka thelathini na moja nasugua vipande ambavyo mashine yako huvipiga kwa protoni, na hakuna protoni iliyowahi kunilalamikia.

Anayelalamika ni mtoto wa dada yangu, Evdokia. Miaka minne ametengeneza jedwali la kuonyesha protoni ngapi hurudi nyuma zikigonga aluminiamu, ili wapima metali wa dunia nzima walitegemee. Ijumaa utaamua litumwe au litupwe, kwa kulilinganisha na jaribio la kipande kisicho na shaka, yaani changu. Na mchoro wa jaribio umetoa nundu, mwinuko ambao jedwali halina. Malalamiko yangu basi:

1. Evdokia aliitazama nundu kwenye kompyuta akasema mbele za watu, "Mjomba, hiyo ni kaboni. Kipande chako kina uchafu." Ananiambia mimi, niliyempakata siku ya ubatizo wake.

2. Nilipomweleza kwamba aluminiamu imeamua kuonyesha tabia mpya, akajibu, "Aluminiamu haina vituko, mjomba. Vituko unavyo wewe." Fotis wa pampu alicheka mpaka akajimwagia kahawa.

3. Fotis huyohuyo akasugua kipande chake, kikapigwa, nundu haikuonekana. Maana yake kipande cha Fotis ni kivivu. Mzeituni usiozaa huwezi kuuita msafi.

4. Kwa kuwa kipande changu hakikosei, limekosea jedwali. Kama la aluminiamu limekosea, la silikoni nalo lisiaminiwe, wala la magnesiamu, na kila ndege ambayo metali yake ilipimwa kwa majedwali hayo ikae chini mpaka niitwe.

Kwa unyenyekevu naomba jedwali la Evdokia lisitumwe, lianzwe upya, na nundu ipewe jina la Gouvas.

Wasalimie wa ghorofa ya juu wote, na Bi Polikseni wa kantini, na Fotis pia, ila kidogo.

Wako asiye na doa,
Stamatis Gouvas

Tanbihi: Nilikuwa nimeshabandika bahasha, dada yangu akapiga simu kuwa Evdokia hajala tangu jana. Nimeifungua tena. Tuma jedwali lake, halina kosa. Asubuhi ya ile picha yetu ya pamoja, kabla ya jaribio, kipande kilikuwa kinang'aa kuliko kioo cha chooni, nikakitumia kujipaka rangi ya masharubu. Tone likakidondokea, nikalipangusa kwa mkono wa koti. Rangi yenyewe ina mafuta, na nadhani kaboni imo humo. Mwambie mtoto ni uchafu tu, alisema kweli. Asijue kwamba masharubu ya mjomba wake yana mvi tangu yeye akiwa darasa la tatu.