Kibati cha Bi Silvana na Ukoo wa Gari la Modesti

Sogeeni, wenye masikio. Nanyi wenye kazi ziacheni, maana hata hivyo hamkuwa mkizifanya. Sikieni habari za Modesti wa Pito, dereva mstaafu wa lori, Mwenye Spana Namba Kumi na Tatu, Simba wa Vyuma Chakavu, aliyetoka nyumbani kwake asubuhi ya Jumamosi, akavuka mitaro miwili na shamba la ulezi, akaenda kuteka kibati kisichozidi kiganja cha mtoto.

Miaka kumi na tisa shujaa huyu alikuwa akikusanya gari la Kimarekani lililokufa kabla yeye hajazaliwa. Fremu aliifukua shambani kwake. Ekseli aliikomboa Kirando, ilikokuwa nanga ya mtumbwi. Taa aliiteka Mtowisa, kuku akiwa ameitagia, na kovu la vita vile analo mkononi hadi leo. Injini haikuwepo, wala viti, wala tairi hata moja, lakini kila jioni Modesti aliketi juu ya debe katikati ya fremu, akashika usukani usiounganishwa na kitu, akatazama mbele kama mtu anayepishana na basi.

Lakini mkewe, Jovina, malkia wa ua ule, alikuwa na nguruwe mwenye mimba na hana pa kumlaza. Akatoa amri.

"Baba Angela, hicho chuma chako hakina jina wala ukoo. Ukiniletea ukoo wake kabla ya misa ya kesho, hakitoki hapa. Usipoleta, Jumatatu mnunua vyuma anakuja na mizani yake."

Shujaa akainyakua spana yake. Maana ukoo aliujua ulipo: ulikuwa umepigiliwa misumari kwenye mlango wa Bi Silvana.

Kibati kile cha kiwandani, chenye namba ya gari, marehemu mume wa Bi Silvana alikiokota akilima, akakipigilia mlangoni ili nyumba nayo ionekane imesoma. Walipopita watu wa anwani za makazi, karani akaiona namba, akainakili kwenye simu, akashukuru, akaenda zake. Tangu hapo, katika mtaa wenye nyumba arobaini, Bi Silvana anakaa nyumba namba laki tatu na kumi na nne elfu.

"Shikamoo, mama," akanguruma Modesti, spana mkononi.

"Marahaba. Umekuja kutengeneza nini? Hapa hakuna kilichoharibika."

Ndipo Modesti akasimama wima, akaunyooshea mlango mkono, akahutubia. "Mama, kibati hicho kilizaliwa Detroiti, katika kiwanda cha akina Dodge, ndugu wawili wa tumbo moja, waliofua vipuri vya magari ya wenzao miaka na miaka kabla ya kuunda la kwao, mwaka elfu moja mia tisa kumi na nne. Walifanya kazi pamoja, wakafariki mwaka mmoja. Leo mtoto wao amelala uwanjani kwangu hana jina. Nirudishie jina lake."

Bi Silvana akaitafuna hotuba ile pamoja na kiazi chake. "Mwaka mmoja, wote wawili. Masikini. Wake zao walibaki na nani?"

Modesti, aliyeijua historia ya kiwanda mpaka rangi ya vipuri, hilo hakuwa amelisoma.

"Hujui. Umesoma vyuma tu. Sasa unataka kung'oa anwani yangu ukaibandike kwenye gari lisiloenda popote. Nyumba yangu nayo haiendi popote, lakini angalau ina mlango. Na mbolea ya ruzuku nimejiandikisha kwa namba hiyo."

"Namba ileile nitakuandikia mlangoni, mama. Kwa rangi."

"Isomeke kutoka barabarani."

Vita vikaanza. Spana Namba Kumi na Tatu, iliyowahi kulinyenyekeza lori la tani saba, ikakizunguka kibati pande zote isipate cha kukamata, kwa kuwa msumari hauna nati. Bi Silvana akampa kisu cha kumenyea viazi. Misumari minne ikasalimu amri. Shujaa akashinda pale hadi adhuhuri akipaka rangi, maana nne aliyoiandika kwanza iliinama kama mlevi, akaambiwa afute.

Alipofika kwake, akakilaza kibati juu ya fremu. Matundu matatu yakakubaliana. La nne alilifunika kwa kidole gumba. Jovina akakifuta kibati kwa pindo la kanga, akasoma herufi moja moja.

"Kweli," akasema. "Lina kwao."

"Basi halitoki," akasema Modesti.

"Halitoki. Lakini sikusema litakaa tupu."

Kesho yake, baada ya misa, mbao zikapigiliwa kuzunguka fremu, mabua yakatandikwa, nguruwe akaingia, akajilaza palepale pa dereva. Jumanne akazaa watoto kumi na mmoja. Modesti siku hizi hukaa nje ya uzio, usukani mapajani, akitazama mbele.

Basi na iandikwe, na wale ambao hawajawahi kuteka hata kibati wanyamaze: katika uwanda wote wa Ufipa, nguruwe wenye asili ya Detroiti ni kumi na mmoja tu, na aliyewatafutia ukoo ni Modesti.