Kwezi Hana Kibali

Jumatatu, 4 Machi
Kipaza sauti cha kata kimenguruma tena alfajiri, juu kabisa ya meza zangu. Tangazo la usafi wa mitaro, wimbo, halafu usafi wa mitaro. Wateja wamehamia kwa Bi Thoa, muuza supu wa ng'ambo ya barabara. Mke wangu Nhan kaniuliza kwa nini nisiende kulalamika. Kulalamika! Na Ijumaa Bwana Quyet wa kata ndiye anayeamua nani aendelee kuuza supu hapa? Hapa Hanoi nina uhuru kamili wa kufanya biashara, mradi mdomo niutumie kuonjea chumvi tu.

Jumanne, 5 Machi
Dawa nimepata! Nimenunua kwezi, ndege anayeiga maneno ya watu. Hana meza, hana kibali, hana cha kunyang'anywa. Basi aseme yeye. Nimeshinda jikoni nikimfundisha. Nhan anasema nimechanganyikiwa. Wivu tu.

Jumatano, 6 Machi
Ushindi! Kipaza sauti kilipoanza, ndege akapayuka: "Funga domo, Quyet!" Wateja wamecheka mpaka tambi zikawapalia. Meza zote zimejaa. Bi Thoa kaja "kusalimia", kaniambia, "Kaka, ndege wako jasiri kuliko wewe." Nikamshukuru.

Alhamisi, 7 Machi
Gari la kata. Vigoda vyangu vya plastiki wamezoa vyote! Nani kanichongea? Namjua, anauza supu mbovu. Nikamwapia Bwana Quyet kwamba ndege kaja na tabia zake. Akaniuliza kwa upole mbona ana sauti yangu, mpaka kikohozi changu. Nimerudi jikoni kumfundisha upya. Koo limekauka.

Ijumaa, 8 Machi
Bwana Quyet kaja mwenyewe. Ndege katamka vizuri kabisa: "Hongera, Quyet!" Bwana mkubwa akatabasamu. Nikapumua. Ndege akakohoa kama mimi, akaendelea: "Sema tena, huyo mjinga anapenda sifa!"
Nilitamani kujificha ndani ya sufuria.

Jumamosi, 9 Machi
Kibali nimenyimwa, na nafasi yangu kapewa Bi Thoa, kahamishia meza zake hapa. Sasa kipaza sauti kinamngurumia yeye, wateja wanamkimbia. Nikamshauri akalalamike. Akaniangalia kama nimemtukana: alalamikeje, na kibali ndiyo kwanza amekipata?
Nhan anasema sasa nami sina cha kunyang'anywa, kwa hiyo niende nikaseme mwenyewe. Mke wangu siasa hazijui. Kosa nimeshaliona: ni sauti. Kesho nanunua kwezi wa pili. Huyu nitamfundisha nikiwa nimebana pua.