Boya Jekundu Mbele ya Kibanda Changu

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimelihamisha boya jekundu la halmashauri kwa mikono yangu miwili. Haya, si kweli. Maji yalipotoka tuliufunga mnyororo wake kwenye mashua ya shemeji. Yalipojaa, mashua ikapanda na boya na jiwe lake la nanga. Mimi nilishika kofia. Sasa linaelea mbele ya kibanda changu cha chai, na vyombo hufuata boya. Halmashauri imechimba mchanga mwaka mzima ili vyombo vipite kwa Kipara, muuza chai wa ng'ambo. Na mimi nimekufa?

Jumanne, 4 Machi
Mashua ya mkaa imepita kwangu. Nahodha kanywa chai. Kipara kanuna. Raha!
Kisha binti yangu kapiga simu. Mimba ya miezi minane, anakuja kujifungulia nyumbani, keshokutwa, kwa boti ya abiria. Nikacheka. Nikaacha kucheka. Mbele ya kibanda changu chini ni fungu la mchanga. Mashua ya mkaa haizami sana. Boti ya abiria tumbo lake hufika chini. Itakwama, itapinduka, na mwanangu ndani!

Jumatano, 5 Machi
Shemeji kakataa. Eti kesi ni yangu, yeye hakuwepo. Na hata angekubali, maji hayakujaa vya kutosha kunyanyua jiwe.
Nimekwenda halmashauri. Nikamwambia mama mkaguzi wa njia za maji kwamba mkondo umechukua boya. Kasema huo mkondo una misuli. Kanitazama viganja. Chombo chao cha kuhamishia maboya kinarudi Ijumaa. Simu ya nahodha wa boti haipatikani, wala ya binti yangu.
Kukiri? Jela, na meno yangu haya mabovu, maharage yao nitayatafunaje!

Alhamisi, 6 Machi
Limebaki moja: niwe boya mimi. Shati jekundu sina. Nimevaa gauni jekundu la mke wangu, nikasimama ukingoni mwa fungu, pale lilipokuwa boya kabla sijalihamisha, maji kifuani. Boti ikaja moja kwa moja. Nikapunga sufuria. Nikasoma dua zote ninazozijua, mbili. Honi! Ikakata kona, wimbi likanimeza. Nilipoibuka nikamsikia binti yangu:
“Baba, gauni la mama unalipeleka wapi?”
Sijawahi kupenda swali kiasi hicho. Nikalia humo humo majini.

Ijumaa, 7 Machi
Wamelirudisha boya. Mkaguzi kanipa mkono, kasema nimeokoa watu, sasa niyaangalie maboya yote. Mkono hakuuachia upesi. Nikakubali.
Nimeanza kazi. Nimeliangalia lile la kijani. Dogo. Jiwe lake nalo lazima liwe dogo.
Shemeji, najua unapekua daftari hili. Mkaguzi aliulizia mashua yako, nikasema mbovu tangu mwezi jana. Nimekusitiri. Basi niazime ile kamba ndefu, mpaka kesho jioni tu.